Maswali ya Wasomaji: Kamera Tangu Ujana Hadi Uzeeni

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaopiga picha kwa kupenda tu, bila kutafuta riziki, na ambao mapenzi hayo yamedumu kiasi cha kuwaletea maswali mapya. Kila barua nimeifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo wengi huyauliza nusu nusu.

Kutoka Tanga

Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na ninaishi Ngamiani. Nilianza kupiga picha nikiwa kijana, kwa kamera ya Zenit E niliyouziwa na rafiki, na tangu hapo sijaacha. Nina masanduku ya picha na negativu: mashua zikirudi Sahare, jua likizama, wazee wenye nyuso za makunyanzi, milima ya Usambara yenye ukungu, pamoja na picha za kila mwaka za wanafunzi wangu wa darasa la saba, ambazo nilizipiga chini ya mwembe wa shule kwa kuwa hapakuwa na mpiga picha wa kuja. Wanangu wamenipa kamera ya dijitali. Nimeifurahia, lakini nikizitazama picha za sasa naona ni zile zile za zamani. Je, ninunue lenzi ya kuvuta mbali, au umri umenifikia na sina jipya la kuona? Tena, mbona baadhi ya nyuso za watoto wale zilitoka nyeusi tii hata hawatambulikani?

Jibu

Shikamoo, Mwalimu. Lenzi usinunue, angalau si mwaka huu. Itakusogezea mashua za Sahare, lakini mashua zitakuwa zile zile na jua litazama pale pale. Kinachokuchosha si umbali. Umri nao hauna kesi hapa. Ninaloliona katika barua yako ni kwamba umetanguliza picha ambazo kila mwenye kamera katika pwani hii anazo, kisha mwishoni, kana kwamba ni kazi ya shule tu, ukaitaja ile ambayo sijui ni nani mwingine aliye nayo: watoto wa darasa la saba chini ya mwembe ule ule, mwaka baada ya mwaka, wakiwa mbele ya mwalimu wao.

Naomba uzitoe masandukuni picha za mwembe peke yake, uzipange kwa miaka juu ya meza au mkeka. Usizihukumu moja moja, maana moja moja pengine ni picha za kawaida kabisa: safu mbili, waliokaa na waliosimama, mikono juu ya magoti. Nguvu yake iko katika kurudiwa. Utaona sare zilivyobadilika kitambaa na mshono, mwaka ambao watoto wengi bado walikuwa pekupeku na mwaka ambao viatu vilienea, idadi ya wasichana waliofika darasa la saba katika kila kundi, na shina la mwembe lilivyonenepa. Utaona pia, nadhani, mahali ambapo mwenye kamera alianza kusogea mbele, akaacha kuwapanga kama askari wa gwaride, akasubiri mtoto mmoja acheke ndipo abonyeze. Kukua unakokutafuta kumo humo, na huenda kumeanza zamani bila wewe kukupa jina.

Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alikuwa kijana anayejifunza useremala alipopewa kamera ndogo ya Kodak Brownie na mtu mzima wa ukoo wao mwaka 1935. Alifungua studio yake mwaka 1948. Alipigia uani, kwa mwanga wa jua, na nyuma ya wateja alitundika kitambaa chenye nakshi, ambacho alikibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Miaka mingi baadaye, picha zake zilipoanza kuonyeshwa nje ya Afrika, vitambaa hivyo ndivyo vilivyomsaidia kujua ipi ni ya mwaka gani. Mwembe wako umefanya kazi ile ile kwa kundi zima la watoto wa Tanga, isipokuwa wewe hukuubadilisha, na kwa hiyo itakubidi uandike miaka nyuma ya picha sasa hivi, ungali unaikumbuka.

Baada ya kuzipanga, endelea na kazi hiyo badala ya kutafuta nyingine. Wanafunzi wako wa mwanzo sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Wengine wako Ngamiani hapo hapo, mmoja ana duka la vipuri, mwingine anauza chakula stendi, mwingine pengine ni mwalimu kama wewe. Watafute kila mmoja kwa wakati wake, mpige picha mahali anapofanyia kazi au, akikubali, chini ya mwembe, huku ameshika ile picha ya zamani. Kamera uliyopewa na wanao inatosha. Tumia lenzi moja tu isiyovuta, ya milimita 35 au 50 kama unayo, ili ulazimike kusogea kwa miguu; mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wako hatashtuka ukimkaribia.

Jambo la pili ni kuchagua, nalo nitalisema kwa ukali kidogo kwa kuwa wewe ni mwalimu na umezoea kusahihisha. Wapenzi wengi wa kamera hupiga sana na kuchagua kidogo. Vivian Maier, aliyekuwa yaya huko Chicago, alipiga picha za mitaani kwa miongo kadhaa, na alipofariki mwaka 2009 aliacha negativu zaidi ya 100,000 na mikanda mingi ambayo haikuwahi kusafishwa. Leo anasifiwa duniani kote, na anastahili, lakini picha tunazozijua zimechaguliwa na watu wengine. Zipi yeye mwenyewe angezitundika ukutani, hatuwezi kujua. Wewe bado unaweza kusema. Kila mwisho wa mwezi, chapisha picha chache kwa saizi ya postikadi, zitandaze, kisha jiulize juu ya kila moja: je, naipenda kwa sababu ya kinachoonekana, au kwa sababu naikumbuka siku ile? Mgeni asiyejua kwamba siku hiyo mvua ilikunyeshea na baiskeli ikapasuka tairi hataiona mvua wala tairi ndani ya picha. Zile za aina ya pili zirudishe albamu ya nyumbani, ambako zina haki yake. Zinazobaki zifunike uso chini hadi mwezi ujao, uzitazame tena. Zitapungua, na ukiona mbili tu zimesalimika usihuzunike.

Sasa nyuso nyeusi. Kipima mwanga cha kamera hakijui kwamba kinatazama watoto. Kimetengenezwa kudhani kwamba mandhari yote, ukiyachanganya, yana ung'avu wa wastani, kama rangi ya kijivu. Zenit E hupima kwa kidirisha kilicho juu ya lenzi, wala si kupitia lenzi yenyewe, kwa hiyo kilikusanya kila kitu: mashati meupe, uwanja wenye jua la saa sita nyuma ya watoto, na mbingu iliyopenya kwenye matawi. Kikaona mwanga ni mwingi, kikakuamuru uupunguze, na ngozi nyeusi iliyokuwa kivulini ikabaki bila chochote. Dawa yake ni kubadilisha kilicho nyuma ya watoto: wapange watu ili nyuma yao pawe na shina au ukuta wenye kivuli, na mbele yao pawe na mwanga wa uwazi usio wa jua la moja kwa moja. Kisha pima usoni tu. Ila ukipima usoni peke yake, kamera itataka kuifanya ngozi nyeusi iwe kijivu, yaani ing'ae kuliko ilivyo, kwa hiyo punguza mwanga kwa nusu hatua hadi hatua moja (kupunguza hatua moja ni kukata mwanga nusu). Watu wetu hawahitaji kung'arishwa ili waonekane.

Kuhusu saa, vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa kwenye nchi ambazo jua la kiangazi hushuka kwa mshazari na mwanga laini hukaa muda mrefu. Kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda na kushuka karibu wima. Ule mwanga wa dhahabu wa jioni hupita upesi, na nusu saa baada ya jua kuzama kiza kimeshaingia. Fika mapema, uwe umeshajua mtu atakaa wapi. Zingatia pia kwamba Tanga iko kusini kidogo ya ikweta: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Upande wa mwembe uliokuwa na kivuli kizuri mwezi wa Juni utakuwa na jua Desemba. Nadhani uliwahi kuliona hilo katika picha zako ukadhani ni bahati.

Na negativu za picha zile zenye nyuso nyeusi usizitupe kabla ya kuzishika mbele ya dirisha. Kwenye negativu cheusi huonekana cheupe, kwa hiyo mahali pa uso pakiwa peupe pasipo alama yoyote, hakuna fundi wa kuzirejesha. Macho na mdomo vikionekana japo kwa mbali, kompyuta inaweza kuvitoa.

Kutoka Kisumu

Hujambo, mwandishi? Mimi ni muuguzi, na siku zangu za mapumziko huzitumia kupiga picha za wavuvi na wanawake wanaokausha omena kando ya ziwa. Wenzangu kazini wameziona, na sasa wananisukuma nianze kupiga picha za harusi kwa malipo, wakisema ni ujinga kuwa na kipaji kisicholeta pesa. Naogopa nikianza kulipwa sitaipenda tena. Je, naogopa bure?

Jibu

Sijambo, dada yangu. Huogopi bure, lakini unaogopa kitu ambacho hakiwapati wote. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya mkono wa pili akiwa mwanafunzi, na mwaka 1963 alikuwa tayari ameanzisha kampuni yake ya Camerapix. Picha alizozichukua Ethiopia wakati wa njaa ya mwaka 1984 ziliufanya ulimwengu uamke. Kwake yeye mapenzi na kazi vilikuwa kitu kimoja hadi alipofariki mwaka 1996. Kwa upande mwingine yuko Jacques Henri Lartigue wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1894 na kupata kamera tangu utotoni. Alijihesabu kuwa mchoraji, na picha alizipiga kwa ajili ya albamu zake mwenyewe: jamaa zake wakiruka ngazi, magari ya mbio, ndege za mwanzo. Ni mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 69, ndipo zilipoonyeshwa kwenye Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York na dunia ikamjua. Kweli alizaliwa katika familia yenye mali, kwa hiyo usimwige katika kila kitu.

Tofauti ninayotaka uipime ni hii: katika harusi, anayechagua ni mteja. Atataka picha ya shangazi aliyekuja kutoka mbali hata kama amefumba macho, atataka keki, atataka kila meza ya wageni, na ana haki, kwa sababu sherehe ni yake na fedha ni yake. Kando ya ziwa anayechagua ni wewe. Hizo ni stadi mbili, na umahiri katika moja hauhakikishi nyingine. Mpiga picha wa harusi ni nusu msanii na nusu msimamizi wa watu wenye haraka. Kabla ya kupokea malipo ya mtu yeyote, mwombe mpiga picha anayeishi kwa kazi hiyo umbebee mizigo kwenye harusi moja au mbili. Utaona anavyobeba kamera ya pili kwa hofu ya ile ya kwanza kuzima, anavyobadilisha betri wakati wa hotuba, na anavyokaa usiku kupanga picha ambazo wewe ungezitupa. Ukirudi nyumbani umechoka lakini una hamu, jaribu. Ukirudi umechoka tu, umejibiwa.

Ukiamua kujaribu, yatenge mapema mambo ya omena. Usiyauze kwa agizo la mtu, wala usiyapange kwa kumfurahisha mteja. Kwa wale wenzako wanaosema ni ujinga, waulize kama wanaocheza mpira Jumapili jioni nao wanalipwa.

Kutoka Unguja

Assalaam aleikum. Marehemu babu yangu alipenda sana kamera, na ametuachia kamera zake, lenzi, na makopo ya negativu. Ndani ya lenzi moja kuna utando kama wa buibui, na kopo moja likifunguliwa linanuka siki. Mimi pia nimeanza kupiga picha na ningependa kuendeleza pale alipoishia. Nifanyeje?

Jibu

Waaleikum salaam. Utando huo ni fangasi. Unapenda unyevu na giza, na hewa ya kisiwani inaupa vyote viwili, hasa lenzi ikikaa miezi ndani ya mfuko wa ngozi kabatini. Mpelekee fundi mapema, kwa sababu fangasi ikikaa muda mrefu hula kioo na alama haitoki tena. Lenzi hiyo uitenge na nyingine. Zilizo salama ziweke kwenye chombo cha plastiki kinachofungwa vizuri, pamoja na silika jeli na kipima unyevu kidogo, ulenge kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi imeshiba maji, nayo hukaushwa kwa moto mdogo, ila usitumie kikaango cha jikoni. Dawa nyingine haina gharama: zitumie kamera, zipate mwanga na hewa.

Harufu ya siki ni habari nzito zaidi. Filamu za asetati zikianza kuoza hutoa tindikali, na tindikali hiyo huharakisha kuoza kwenyewe na kuambukiza filamu zilizo jirani. Kopo hilo litenge leo. Zitoe negativu ndani yake, uzihamishie kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu na penye ubaridi, na usizifungie tena ndani ya bati au nailoni. Kuoza hakuponi, hupunguzwa kasi tu, kwa hiyo hizo ndizo za kunakili kwanza. Laza negativu juu ya kibao cha mwanga, ukiishika pembeni bila kugusa uso wake, ipige kwa kamera ya dijitali yenye lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, kisha igeuze rangi kwenye kompyuta. Maandishi ya duka nyuma ya mtu yakisomeka kinyume, umelaza upande usio wake, geuza, umemaliza.

Kuzitunza picha kunawezekana kabisa hapo Unguja. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, mwanawe Rohit akaiendeleza, na kupitia studio hiyo tunaona sura ya Zanzibar ya kabla na baada ya Mapinduzi, licha ya unyevu wote huo. Kuhusu kuendeleza pale babu alipoishia, usianze na kamera yake. Anza kwa kukaa na wazee waliomjua, mbele ya nakala ulizozichapisha, uwaulize huyu ni nani, hapa ni wapi, babu alikuwa amesimama upande gani. Watakapoanza kubishana, andika pande zote mbili. Ukishajua aliwapenda watu gani na alirudi sehemu zipi, utakuwa na njia ya kuifuata au ya kuiacha kwa kujua.

Kutoka Dodoma

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina simu tu. Napenda kupiga picha watu wa Soko la Majengo lakini wengine wanakasirika. Je, ningoje hadi nipate kamera?

Jibu

Marahaba. Usingoje, kwa sababu wanaokasirika hawakasirikii simu. Sokoni usipige kama mtu anayeiba. Nunua nyanya, salimia, sema unachotaka kufanya, na ukikataliwa shukuru uende zako. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake, lakini hata pasipo sheria mtu ana haki na uso wake. Aliyekubali mpelekee nakala ya karatasi wiki inayofuata. Jirani yake atakuita mwenyewe.

Kwa simu, futa kioo cha lenzi kila unapoitoa mfukoni, kwa sababu jasho na vumbi huzifanya taa zote zitawanyike. Lenzi kuu ya simu huona upana mkubwa, na ukimkaribia mtu sana pua yake itavimba. Rudi nyuma hatua mbili, au tumia lenzi ya kuvuta kama ipo. Gusa uso wake kwenye skrini ili simu ipime hapo, kisha teremsha mwanga kidogo. Chagua kibanda kimoja tu, cha fundi cherehani au muuza dagaa, urudi kwake muhula mzima. Na picha uzihamishie kwenye kompyuta kila Jumamosi, kabla simu haijaibiwa.